Bwana Afya na Mbu wa Chumba cha Mkwe

Nyinyi vijana mtakaosoma hapa, someni mpaka mwisho ndipo mniulize maswali. Nawajua. Mnasoma mistari miwili, mnasema bibi anataka kutukumbusha kulala ndani ya chandarua. Hilo mmeshaambiwa na kila mtu. Mimi nawaandikia habari za mtu mmoja aliyenichosha kwa miaka sita, na mpaka leo nikimkumbuka naanza kwa kukasirika, halafu ndipo mengine yanafuata.

Jina lake sitaandika. Hapa kwetu Nyansurura tulimwita Bwana Afya alipokuwa kazini, na alipostaafu tukaendelea hivyo hivyo. Mtu akimwita kwa jina lake la kweli, yeye aligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo wapo wa kuwaeleza. Sasa amehamia Turwa kwa binti yake kwa sababu ya kifua. Mimi nitaandika nilichokiona mlangoni kwangu.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kukamata mbu. Sikusema kuua, nimesema kukamata. Watafiti wa mjini walimpa kazi hiyo akiwa ameshastaafu, kwa sababu alijua kila njia ya ng'ombe na kila mbwa mkali wa huku. Kila mwezi, wiki ya kwanza, alipita kwenye maboma machache yaliyochaguliwa, akakusanya mbu waliotua ndani ya nyumba, akawatia kwenye vichupa vyenye namba, na vichupa vikaenda maabara. Huko kuna mashine ya kusoma vinasaba, yaani yale mambo ya ndani ambayo mtoto anarithi kwa mama na baba. Mbu naye anavyo. Wakimsoma wanajua huyu ni wa kabila gani, amekunywa damu ya nani, na kama dawa ya chandarua bado inamuua au ameshaizoea. Mimi nimemaliza kwa mistari michache. Yeye kunielewesha alitumia misimu miwili ya mvua na uvumilivu wangu wote.

Tuanze na fagio, maana ugomvi wetu ulianzia hapo.

Tangu niolewe nafagia kabla jua halijatoka. Mama mkwe wangu aliangalia uwanja kwanza, ndipo akaitikia salamu. Nimezeeka na tabia hiyo. Sasa mtu huyu anafika alfajiri, viatu vya mvua miguuni hata kiangazi, anasimama penye lango la boma, na kabla ya habari za kuamka anasema:

"Mama Mwita, fagio chini."

Eti mbu akishakunywa damu usiku anakuwa mzito, asubuhi anatua ukutani kupumzika, na ukifagia au ukiwasha moto unamfukuza.

"Unafukuza habari zangu nje," alisema.

"Hizo habari zako zimemuuma mtu usiku kucha."

"Ndiyo maana ni habari."

Basi nyumba inakaa bila kufagiwa mpaka saa tatu. Siku moja wanawake wa kanisa walinipitia twende msibani, wakakuta maganda ya karanga sebuleni na mimi nimeketi katikati yake kama mgonjwa. Hawakusema neno. Ni afadhali wangesema. Nilipomweleza Bwana Afya aibu niliyoipata, alifungua daftari akaandika tarehe, akaniuliza kama wale wanawake waliacha mlango wazi.

Chombo chake kilikuwa bomba la kioo lenye mpira mrefu. Ncha ya mpira anatia mdomoni, kioo anakisogeza kwa mbu, anavuta pumzi kidogo, mbu anaingia. Katikati kuna kipande cha wavu ili asimmeze. Alikuwa na mkono mwepesi sana. Ungeweza kuwa unaongea naye, akanyoosha mkono nyuma ya kichwa chako, akavuta, akakuonyesha mbu ndani ya kioo. "Ona alivyokaa, ameinua makalio. Huyu ndiye wa malaria." Lakini mtu huyo huyo mwenye mkono mwepesi alikuwa mnusa ugoro. Nilishamwona anamaliza nusu saa akikusanya mbu kwenye paa langu, mmoja mmoja, halafu ugoro wa asubuhi ukampanda, akapiga chafya ndani ya mpira, na mbu wote wakatoka upande wa pili. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye akafuta mdomo, akasema, "Wamehesabiwa kumi na nne, wametoroka kumi na nne," akaandika hivyo hivyo. Hakuweza kudanganya daftari hata kwa mbu aliyeruka.

Alikuwa na maneno yake ya kila siku. "Usiniambie, nionyeshe," hilo alilisema mpaka watoto wa shule wakamwiga. Ukimwambia mtoto ana homa, anasema nionyeshe. Ukimwambia mvua imenyesha ng'ambo, anasema nionyeshe. Na lingine, "Mbu mmoja ana habari kuliko mkutano mzima wa kijiji." Hili alilisema mbele ya mkutano wa kijiji.

Ndio huo mkutano alipotueleza vinasaba. Aliuliza, "Ukiona ng'ombe kwa mbali, unajua ni wa boma lipi?" Wazee wakasema mpaka uone alama ya sikio. "Haya. Kuna mbu wawili wanafanana kama mapacha. Mmoja anapenda mtu, mwingine anapenda ng'ombe. Mimi na lenzi yangu siwezi kuwatenganisha. Alama yao iko ndani. Ndiyo hiyo mashine inasoma."

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mbu ana ukoo?"

"Anao."

"Na mahari anatoa?"

Watu wakacheka. Bwana Afya hakucheka, alifikiri. Akasema jike la mbu huolewa mara moja tu maishani, dume hana cha kutoa, na kwa hiyo hapana, mahari haipo. Akaendelea na maelezo. Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Nami nikasimama, nikamwambia mbu hao wana damu yetu tumboni, na damu yangu mimi sijamruhusu mtu kuipeleka mjini. Wanawake wakaniunga mkono. Alinijibu kwa heshima kwamba damu ile nimeshaibiwa tayari, yeye anamkamata mwizi tu.

Njiani kwenda Tarime aliwahi kusimamishwa kizuizini yuko nyuma ya bodaboda, amekumbatia sanduku lake la baridi. Kwa huku mtu aliyekumbatia sanduku hivyo wanajua amebeba nyamapori. Askari akauliza, "Nyama gani hiyo, mzee?" Akasema mbu. "Unasafirisha mbu? Kwetu hawatoshi?" Angeweza kufungua, wakaona, akapita. Hapana. Alikataa lisifunguliwe juani, joto lingeingia kwenye vichupa. Akakaa pale mpaka wakampeleka kivulini, likafunguliwa taratibu, na askari wawili wakapewa somo la makalio ya mbu. Dereva wa bodaboda alisimulia hilo mwezi mzima.

Mwanangu Mwita, anayefanya kazi kwenye kambi moja ya watalii kule Natta, naye alinisimulia lake. Meneja alimwita Bwana Afya aje kupuliza dawa, wageni wanaumwa na mbu. Akaja na bomba la kioo. Meneja akauliza dawa iko wapi. "Dawa ni Ijumaa. Leo nataka kujua ni akina nani." Wageni wanajikuna, yeye anazunguka na tochi kwenye mahema. Hakuitwa tena kule, na hakuona kosa lake.

Na huyu bwana wa mbu, chandarua cha kwake mwenyewe kilikuwa na tundu la kupitisha kuku. Nililiona nilipompelekea uji alipougua. Kumbe alikuwa anakata vipande na kuvipeleka maabara vipimwe kama dawa bado imo. Mahali pa vipande ameshona kitambaa cha kanga. Nilimwambia, "Wewe unakagua nyumba za watu, chako kinaonyesha anga." Akasema cha mtu mwingine hana ruhusa ya kukikata.

Sasa nifike kwenye mlango, maana huko nyuma nilikuwa nazunguka.

Kwetu baba mkwe haingii chumba cha kulala cha mwanawe na mkewe. Na mama mkwe mwenye adabu naye anaishia nje. Bwana Afya alitahiriwa pamoja na marehemu mume wangu, rika moja. Kwa hiyo Bhoke, mke wa Mwita, ni mkwe wake kama alivyo mkwe wangu. Hampi mkono. Bhoke akisema "Shikamoo, baba," yeye anaitikia marahaba huku ameangalia zizi, utadhani ni ng'ombe waliomsalimu. Mtu aliyebishana na askari, aliyewafanya wazungu wangoje Ijumaa, mlango wa Bhoke ulimshinda.

Nyumba ya Mwita na Bhoke iko peke yake, upande wa mashariki wa boma. Mwita anakuja mwisho wa mwezi. Chumbani kwangu mbu walikuwa wachache, napika karibu, moshi unapita ndani. Fomu ya watafiti ikataka mbu wa vyumba vya vijana, wanakolala mama wajawazito na watoto. Asubuhi moja, mwezi wa tatu wa mwaka jana, alinikabidhi bomba.

"Wewe ni mwanamke. Ingia."

"Mimi ni mama yake Mwita. Niingie niangalie kitanda chao?"

"Huangalii kitanda. Unaangalia ukuta."

"Basi ingia wewe uangalie ukuta."

Akaangalia zizi. Tukasimama pale wazee wawili na bomba la kioo, mlango umerudishwa, na Bhoke yuko ndani hajui atoke au abaki. Mimba yake ilikuwa haijaonekana bado.

Ningeweza kusema, mfundishe Bhoke mwenyewe. Sikusema. Naandika wazi ili msitafute sababu nyingine. Boma ni langu, jina lililo kwenye fomu ni langu, aliyefundishwa kufyonza ni mimi, na sikutaka mke wa mwanangu ashike kazi iliyonishinda. Na yeye hakusema, kwa sababu angemfundishaje mkwe wake bila kumsogelea? Kila mmoja akamwachia mwenzake.

"Utapata njia," akasema. "Jioni nitapita kuchukua kichupa."

Njia niliipata. Nyuma ya jiko kuna banda la ndama. Nalifunga kwa kufuli kwa ajili ya wezi, na ufunguo naufunga kwenye pindo la kitenge changu. Ndani mle mbu wamejaa ukutani. Chai haijachemka, mimi nimeshamaliza. Nikawatia kwenye kichupa kilichoandikwa chumba cha kulala, nyumba ya mwana. Niliona mbu ni mbu. Kama ni kusoma, wasome hao.

Jioni alikuja, akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Wengi."

"Wengi."

"Bhoke anaumwa sana, basi."

"Anaumwa."

Akaandika. Hakusema nionyeshe. Miaka yote ile, siku hiyo moja alikubali kuambiwa, kwa sababu kuonyeshwa kungekuwa kuonyeshwa mlango wa mkwe.

Lingeishia kwangu ingekuwa nusu ya kosa. Lakini mama wa boma la juu na mama wa karibu na kisima nao walichaguliwa, nao wana wakwe, nao waliniuliza chumba cha kijana naingiaje. Nikawaambia siingii. Nikawaambia nachota wapi. Wakacheka, wakafanya hivyo hivyo. Mimi ndiye mkubwa wao, wangemsikiliza nani?

Kiangazi karatasi ikaja, ikasomwa kwa mwenyekiti. Kitongoji chetu mbu wake wengi ni wale wa ng'ombe. Ng'ambo ya mto mbu ni wale wa watu, na dawa ya vyandarua vya zamani wameshaizoea. Kwa hiyo vyandarua vipya, vile vya dawa mbili, vikaanzia ng'ambo. Sisi tukaambiwa vya zamani vinatutosha kwa sasa. Nilikuwa nimekaa nyuma. Hapo hapo nilijua mbu wale wa ng'ombe wametoka wapi.

Bhoke alilala ndani ya chandarua chake cha kliniki kila siku. Hakukosa hata siku moja, mimi ni shahidi. Mvua za vuli zilipoanza akapata malaria, akapona, ikarudi. Mimba ikatoka ikiwa kubwa. Alikuwa mtoto wa kike. Sitaandika zaidi hapo.

Watu wakaanza kumsema Bwana Afya. Watoto wanaugua, wazee wanaugua, na karatasi yake inasema hatuna shida. Siku moja nimepanga foleni mashineni, ndoo ya mahindi kichwani, yeye yuko mbele na debe lake. Kijana mmoja akasema kwa sauti:

"Bwana Afya, mbu wako walisema sisi ni ng'ombe."

Mwingine akamdakia kijana mwenzake, "Mura, muulize kama ametuandikia na chanjo ya kimeta."

Foleni ikacheka. Yeye aligeuka, akanitazama mimi, si wao. Alitazama kidogo tu. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa umri wake aseme neno. Nikashusha ndoo, nikajifanya naangalia kama imevuja. Unga wake uliposagwa akajitwika, akaondoka anakohoa. Kumbukeni hilo mnaposikia bibi yenu ni mkali. Siku iliyohitaji ukali nilikuwa naangalia ndoo.

Alikuja kwangu mwanzoni mwa mwaka huu, mchana, ng'ombe hawajarudi. Hakuja na bomba. Daktari alimkataza kufyonza, vumbi la mabawa ya mbu limemjaa kifuani miaka yote ile. Alikuwa na fimbo. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akapumzika kwanza, mimi nachambua maharage kwenye ungo.

"Mama Mwita, nataka kukuuliza jambo la ng'ombe."

"Uliza."

"Mwaka jana mwezi wa tatu, kuna ng'ombe alikuwa analala chumbani kwa Bhoke?"

Niliendelea kuchambua.

"Ng'ombe alale chumbani kwa nini?"

"Hata mimi nimejiuliza." Akatoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Ile iliyosomwa kwa mwenyekiti ilikuwa ya muhtasari. Yeye aliandika barua, akaandika tena, mpaka akaletewa orodha ndefu, kichupa kwa kichupa. "Hiki ni chako. Mbu kumi na mmoja. Wote wa kabila la mifugo. Damu tumboni, ya ng'ombe, wote. Sasa angalia. Chumba wanalala watu. Mbu kumi na mmoja wanaingia, wanawaruka watu, wanatoka wanakwenda zizini kunywa, wanarudi kulala chumbani. Hao ni mbu wenye adabu kuliko wote niliowahi kukamata. Na boma la juu wapo. Na kisimani wapo."

Hakuwa anacheka.

"Umejua lini?"

"Wiki ya tatu sasa. Nilisoma mara moja tu nikajua. Nikakaa, nione kama utakuja."

"Sikuja."

"Hukuja."

Basi nikasema. Banda la ndama, kufuli, wale mama wawili, mashineni, vyote. Nilisema nikiangalia maharage. Nilipomaliza nilingoja anigombeze. Nilikuwa nataka. Mume wangu angenigombeza, ningelia, yangeisha. Huyu akatoa kalamu ya risasi.

"Banda la ndama. Ukuta wa upande gani?"

Hapo nilipandwa na hasira kuliko siku zote za fagio. "Shemeji, mtoto wa Mwita amekufa, wewe unaniuliza ukuta?"

"Nakuuliza kwa sababu kuna mwingine."

Nikaweka ungo chini. Bhoke alikuwa na mimba ya miezi miwili, na hatukuwa tumemwambia mtu. Sijui aliona wapi, yeye asiyemwangalia mkwe.

Aliandika: ukuta wa magharibi, alfajiri. Halafu akageuza karatasi, akanionyesha chini kabisa, mahali pa sahihi yake. Maneno yaliyo juu ya sahihi yanasema, nimeshuhudia wakikamatwa. "Hapa niliweka jina langu. Sikushuhudia. Niliogopa mlango. Kwa hiyo usibebe peke yako, lakini usinipunguzie."

Nikamuuliza kama vyandarua vipya tutapata.

"Sijui, na sitakuahidi. Wanapanga ugawaji tena kabla ya masika. Ninachoweza ni kufuta mistari mitatu, niwaambie nimekosea, nipeleke mbu wa kweli wa vyumba hivyo. Sanduku linaondoka keshokutwa. Kufyonza mimi siwezi tena. Na mlango," akaangalia zizi, "mlango ni ule ule."

Nikamwita Bhoke. Alitoka anafua, mikono ina povu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akaliambia zizi.

Nilimweleza Bhoke mbele yake. Ilikuwa ngumu kuliko kumweleza yeye. Nilimwambia kichupa cha chumba chake nilikijaza bandani, na kwa nini vyandarua vilipita ng'ambo. Alifuta mikono kwenye sketi, kidole kimoja kimoja, mpaka povu likakauka. Ingekuwa ni mimi, ningepiga kelele.

"Mama, ungeniambia tu," akasema. "Wale wa chumbani nawajua mpaka wanapolala. Wako nyuma ya koti la Mwita."

Hakuna kingine alichosema, na mpaka leo hajasema.

Tukafundishana pale pale. Bwana Afya amegeukia zizi anasema, mimi nimeshika bomba nililobaki nalo tangu mwaka jana, naonyesha, Bhoke anajaribu kwa vipande vya pamba.

"Mwambie asivute kwa kifua. Avute kwa shavu."

"Amesikia, shemeji. Hayuko Musoma."

"Mwambie asiwe na haraka. Kioo kwanza kifike karibu, ndipo avute."

"Anafanya hivyo."

"Unaniambia," akasema, bado anaangalia zizi.

Bhoke akavuta kipande cha pamba kikaingia kwenye kioo taratibu. Akainuka, akapita mbele ya yule mzee umbali wa hatua nne, akainua kioo juu kwenye mwanga ili akione bila kumwangalia yeye. Bwana Afya akakitazama. Akatikisa kichwa kukubali. Akaandika kitu kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumuuliza nini.

Aliponiaga nilimwambia kwamba kesho naenda mashineni, nami nitawaeleza watu mbu wale walitoka wapi. Akasema nianze na kijana wa kimeta. Halafu akaniambia, kama mtu anayeanza upya, "Na fagio chini, Mama Mwita."

Jioni wote tulipokaa kwenye ugali nilisubiri kila mtu anawe, nikasema mara moja tu: "Kesho fagio lisiguswe. Moto usiwashwe mpaka Bhoke atoke ndani na kichupa chake. Mgeni akija akauliza kwa nini nyumba ni chafu, mleteni kwangu nimjibu. Banda la ndama lifungwe sasa hivi, ufunguo huu hapa, ashike Bhoke. Na mimi nikiuomba kabla ya jua kutoka, asinipe."